Udi, Saksafoni na Msikilizaji Asiyeujua Wimbo

Msimu wa kaskazi uliopita nilialikwa kwenye nyumba moja ya wageni huko Shela, kisiwani Lamu, juu darini, kusikiliza kile ambacho mwenyeji wangu alikiita "jazi ya Kiswahili". Wapigaji walikuwa wanne: kijana wa mtaa wa Langoni na udi wake, mpiga dumbaki, mpiga gitaa la besi aliyetoka Mombasa, na mgeni mmoja kutoka Ulaya mwenye saksafoni ya soprano, ile nyembamba iliyonyooka kama zumari. Walianza na wimbo wa zamani ambao mtu yeyote aliyelelewa Amu, yaani Lamu, angeutambua kabla mshororo wa kwanza haujaisha. Mzunguko wa pili, yule kijana akauacha. Akauingiza kwenye makamu nyingine, yaani ngazi nyingine ya sauti za Kiarabu, akaupinda pale ambapo sauti hupanda ili ishuke, akapotea kabisa kwa muda, halafu akarudi kwenye kitikio kwa mlango wa uani, wakati hata mpiga dumbaki alikuwa ameshakata tamaa ya kumngoja. Mwili ulinisisimka. Wageni wakapiga makofi.

Wimbo wa tatu, uzi wake mmoja ulilegea. Kidole kilifika mahali pake, sauti haikufika. Lilikuwa kosa la wazi, la mtu kujikwaa mbele za watu, na alihangaika nalo ubeti mzima. Wageni wakapiga makofi tena, kwa nguvu zilezile. Kijana akaniangalia mimi, maana nilikuwa Mwamu pekee niliyekaa upande wa wasikilizaji, na sikuona furaha yoyote usoni pake.

Makofi yale mawili hayajanitoka kichwani. Yamenifanya niutazame upya ugomvi wa zamani wa watu wa jazi, ugomvi ambao sisi tunaujua hata kama hatujapata kuusikia, kwa sababu tumekuwa nao nyumbani. Upande mmoja unasema muziki huu una misingi: bluzi, mapigo yanayobembea, nyimbo za wakubwa, asiyepitia humo asijiite mpiga jazi. Upande wa pili unasema jazi ilizaliwa kwa kuvunja, na anayepiga leo kama walivyopiga mwaka 1945 ni mlinzi wa makaburi. Wasomi wa ushairi wetu wangewatambua papo hapo: hawa ni wanamapokeo, wale ni wanausasa. Sheikh Amri Abedi alichapisha sheria za kutunga mashairi mwaka 1954, vina na mizani vikasimama kama nguzo za msikiti. Ilipofika 1974, Euphrase Kezilahabi akatoa diwani isiyojali vina wala mizani, na watu wakatupiana maneno kwa miaka mingi.

Katika kelele zote hizo, za huku na za kule, anayejadiliwa ni mpigaji au mtunzi. Ana haki ya kuvunja? Amesoma vya kutosha? Anawaheshimu waliomtangulia? Ni nadra kusikia mtu akiuliza kuhusu yule aliyeketi kwenye mkeka. Anajua nini kabla ya nota ya kwanza kupigwa? Mimi naona swali zima limelala hapo.

Chukueni Louis Armstrong, ambaye picha yake hutundikwa ukutani kila mapokeo ya jazi yanapotajwa. Bendi za New Orleans alikokulia zilipiga kwa pamoja, kornet na klarineti na tromboni zikisukana kama ukili. Katika rekodi alizofanya Chicago kati ya 1925 na 1928 na vikundi vyake vya Hot Five na Hot Seven, Armstrong aliuvuta mbele mtu mmoja. Kwenye "West End Blues" ya 1928, utunzi wa mwalimu wake King Oliver, anafungua peke yake, tarumbeta tupu bila wa kumsindikiza, na baada ya hapo kila mpigaji aliyesikia alijua kwamba kazi imebadilika. Huo ulikuwa usasa mtupu. Miaka isiyotimia ishirini baadaye, vijana wa bebop walipokuja na muziki wa kasi na wa kona kali, Armstrong huyohuyo aliwasema vibaya hadharani. Aliyevunja ukuta akawa bawabu. Sina hamu ya kumcheka, maana uzee una haki zake.

Vijana wenyewe, Charlie Parker na Dizzy Gillespie na wenzao waliokesha kwenye klabu ya Minton's huko Harlem, hawakuanza na karatasi nyeupe. Novemba 1945 Parker, mpiga saksafoni, alirekodi "Ko-Ko", kipande ambacho mpaka leo humchosha msikilizaji kwa mbio zake. Chini yake mna wimbo mwingine, "Cherokee", ambao bendi ya Charlie Barnet ilikuwa imeuvumisha tangu 1939. Parker alitupa melodia akabaki na kile wapiga gitaa wetu hukiita kodi (si ile ya kaunti), yaani sauti zinazopigwa kwa pamoja kuubeba wimbo. Sababu mojawapo ilikuwa pesa, kwa kuwa melodia ina mwenyewe na lazima alipwe, ilhali mfuatano wa kodi hauna mwenyewe. Lakini tazama lililotokea kwa msikilizaji. Mtu wa New York mwaka 1945 alikuwa ameisikia "Cherokee" redioni na kwenye dansi kwa miaka sita. Hata kama hakuweza kuitaja, sikio lake lilijua njia inapinda wapi. Kwa hiyo Parker alipokata kona kwa namna ambayo haikutarajiwa, alikuwepo mtu wa kushtuka.

Mfano wa John Coltrane, mpiga saksafoni mwingine, ni mzuri zaidi. Novemba 1959 tamthilia ya muziki The Sound of Music ilifunguliwa Broadway, na ndani yake mlikuwa na wimbo mwepesi, mtamu kama kashata, uitwao "My Favorite Things". Oktoba iliyofuata Coltrane akaingia studio na soprano, akautandaza wimbo ule kwa zaidi ya dakika 13. Anaupiga kwanza jinsi ulivyo, kwa heshima, kama mtu anayekuonyesha mkoba kabla hajaufungua. Halafu anaanza kuzunguka. McCoy Tyner kwenye piano anarudia mambo yaleyale mawili matatu, kama mpiga patasi kwenye mlango wa mninga, na Coltrane anakwenda mbali kisha anarudi na melodia ileile, na kila anaporudi melodia imebadilika bila yeye kubadilisha nota. Wamarekani walioinunua sahani ile mwaka 1961 walikuwa na wimbo wa awali bado mbichi kichwani. Nusu ya kazi walikuwa wameifanya wenyewe.

Hapa pwani hatuna haja ya kwenda New York kulielewa jambo hili. Marehemu Juma Bhalo, mwimbaji wa taarabu aliyefariki mwaka 2014, alizichukua sauti za nyimbo za filamu za Kihindi akazivika maneno ya Kiswahili, mengi yakiwa tungo za binamu yake, Ahmad Nassir. Waliompenda walikuwa wameziona filamu hizo. Waliposikia harmonia ikianza walikuwa na nyimbo mbili kwa mpigo: ule wa sinema uliojaa mvua na machozi, na huu wa Mvita wenye mafumbo yanayouma. Raha ilikuwa katikati ya hizo mbili. Wapo walionung'unika kwamba huo ni uigaji, si taarabu. Na alikuwepo Zein l'Abdin, mzaliwa wa Lamu, aliyeondoka duniani 2016, ambaye alishika njia nyingine kabisa: udi, mahadhi ya Kiarabu, na tungo za kale za huku kaskazini. Wengi wetu tulifundishwa kumwona Zein kuwa ndiye mapokeo na Bhalo kuwa ndiye mageuzi. Lakini ala ya nyuzi ya mababu zetu wa Lamu ilikuwa kibangala, na udi wa Zein, pamoja na utamu wake wote, ulikuwa mgeni aliyekikuta kibangala nyumbani. Neno lenyewe "kinanda" limehama nyumba mara ngapi? Zamani lilikuwa la nyuzi. Likaja kuwa la santuri. Leo ukisema kinanda arusini, watu wanatafuta soketi ya umeme.

Nirudi kwa Coltrane, kwa kuwa kuna jambo linalonisumbua na sitaki kulificha. Mimi niliisikia "My Favorite Things" yake miaka mingi kabla ya kuujua wimbo wa Broadway. Kwa hoja yangu mwenyewe nilipaswa kuwa kama wale wageni wa Shela, kupiga makofi bila kujua napigia nini. Haikuwa hivyo. Nilisimama katikati ya chumba. Nilichosikia ni zumari. Nilisikia ngoma yetu ya kirumbizi, wanaume na bakora zao, na yule mpuliza zumari ambaye mashavu yake hujaa kama matanga na pumzi haikatiki, anaingiza hewa kwa pua huku anaitoa kwa mdomo, akizunguka kijisauti kimoja mpaka wachezaji wanapandwa. Coltrane hakuwajua watu wa kirumbizi. Mimi ndiye niliyewaleta chumbani. Kwa hiyo naikubali hoja hii kwa marekebisho: si lazima msikilizaji awe na kumbukumbu ileile ya mpigaji, ila ni lazima awe nayo moja, iliyo hai, ya kugonganisha na anachosikia. Asiye na yoyote hupata mapambo tu.

Na shairi lisilo na kina humshtua yule tu aliyekuwa akikingoja kina. Kezilahabi aliwaandikia watu waliolelewa kwa vina hata kama hawakuwahi kutunga ubeti. Mpe mtoto wa leo ambaye hajasikia utenzi ukisomwa kwa sauti, naye atakuuliza kwa dhati kabisa: kwani hapa kimevunjwa nini?

Hiyo ndiyo sababu sishawishiki na simulizi ya kishujaa kuhusu Ornette Coleman. Novemba 1959 alifika kwenye klabu ya Five Spot, New York, na saksafoni ya plastiki na bendi isiyo na piano, akapiga bila kufuata mfuatano wa kodi, na wanamuziki waliokuja kumsikiliza wakagawanyika kati ya waliosema ni mtume na waliosema ni tapeli. Simulizi husema alianza upya kabisa. Sikilizeni. Mtu yule alizaliwa Fort Worth, Texas, na bluzi ya kwao imo katika kila pumzi, inalia hata pale anapotupa kila kitu kingine. Waliomfuata mwaka ule walimfuata kupitia bluzi ile. Wapo waliokuja baada yake wakachukua uhuru wakaacha kilio, na kumbi zao zikabaki na watu kumi na mbili, wengi wao wanamuziki.

Wapiga tarumbeta Wynton Marsalis na Miles Davis nitawapitia haraka, kwa sababu kisa chao kimeshasimuliwa sana. Marsalis, kijana wa New Orleans aliyezaliwa 1961, alivaa suti akasema turudi kwenye misingi. Miles, ambaye kufikia 1970 alikuwa ameshachomeka kila kitu kwenye umeme, alimwona ni mtu anayepiga muziki wa marehemu. Mwaka 1986 huko Vancouver Marsalis alipanda jukwaani bila kualikwa wakati Miles anapiga, na Miles akaisimamisha bendi mpaka alipoondoka. Watu hupenda kuchagua upande. Mimi nawaona wote wawili wakihangaika na pengo lilelile. Kufikia miaka ya sabini kijana wa Marekani hakuwa tena na "Cherokee" kichwani. Alikuwa na Jimi Hendrix na Sly Stone. Miles alikwenda kuwafuata vijana pale kumbukumbu zao zilipokuwa. Marsalis, kwa maonyesho na mafunzo ya Jazz at Lincoln Center, alijaribu kuirudisha kumbukumbu iliyotoweka. Mmoja alihamia kwa msikilizaji, mwingine akajenga darasa la wasikilizaji. Kosa la Marsalis, kama lipo, ni kusahau mara nyingine kwamba darasa hujengwa ili watu watoke humo. Kosa la Miles sina haja ya kulitaja. Baadhi ya sahani zake za miaka ya themanini zinajitaja zenyewe.

Sasa kuna kichekesho ambacho Mswahili ndiye anayeweza kukicheka vizuri. Mwaka 1971 Herbie Hancock, mpiga piano aliyepitia kwa Miles, alitoa albamu iitwayo Mwandishi. Yeye na wenzake walikuwa wamejipa majina ya Kiswahili. Hancock akawa Mwandishi. Mpiga ngoma Billy Hart akawa Jabali. Mpiga tarumbeta Eddie Henderson, ambaye kweli alikuwa amesomea udaktari, akawa Mganga. Mpiga besi Buster Williams akawa Mchezaji. Kwetu ala hupigwa, haichezwi. Mchezaji ni wa kandanda, au ni yule anayekata kiuno. Lakini Jabali walipatia: Tanzania nayo ilimpa Marijani Rajab jina la Jabali la Muziki bila kumshauri mtu. Kabla yao, mwaka 1960, mpiga piano Randy Weston alirekodi Uhuru Afrika, na ndani yake Tuntemeke Sanga wa Tanganyika anasoma kwa Kiswahili maneno ya mshairi Langston Hughes. Serikali ya makaburu wa Afrika Kusini iliipiga marufuku. Na mwaka 1958 Ahmed Abdul-Malik, mpiga besi wa Thelonious Monk, alirekodi jazi kwa udi.

Kwa msikilizaji wa New York, Kiswahili na udi vilikuwa usasa. Kwa nyanya yangu vilikuwa Jumatatu. Sisi nasi tukafanya yaleyale upande wetu: Morogoro Jazz, Tabora Jazz, OK Jazz ya Kinshasa iliyoanza 1956, bendi ambazo hazikupiga jazi ya Marekani hata kidogo, zilipiga rumba na dansi, ila zilijibandika jina la "jazz" kwa sababu lilinukia mjini. Hapo ndipo niliporudi kwenye dari la Shela na kuelewa nilichokiona. Wale wageni walikuwa nyumbani kwenye saksafoni. Udi kwao ulikuwa harufu ya safari, kama vilua na asumini mlangoni. Kijana alipouacha wimbo wetu, wao hawakuona ameacha kitu, maana kwao alikuwa bado hajatoka mahali popote.

Mtu atasema nazungumzia anasa za wasanii, mji una shida zake. Basi nizungumzie jambo ambalo Mwamu haliiti anasa.

Kiswahili kina maneno mawili kwa tendo moja. Ukikipenda kitu kipya unakiita ubunifu. Usipokipenda unakiita uzushi, neno lilelile ambalo masheikh wetu hulitumia kutafsiri bidaa. Habib Swaleh, sharifu aliyetoka Ngazija akaweka makao Lamu, alileta hapa Maulidi yaliyoandikwa Hadhramaut na Sayyid Ali bin Muhammad al-Habshi, yasomwe kwa matari na kwa sauti za pamoja, wakati mji ulikuwa umezoea Barzanji iliyosomwa kwa utulivu. Aliwaingiza watu ambao wakubwa wa mtaa wa Mkomani hawakuwazoea kuwaona safu za mbele. Kelele zilipigwa. Ngoma msikitini? Waliolisema hilo hawakuwa wajinga. Walikuwa wasomi, na walikuwa na hoja zao za kidini ambazo baadhi ya watu wanazo mpaka leo. Msikiti wa Riyadha ukasimama Langoni, Habib Swaleh akafariki mwaka 1935, na leo Maulidi ya Lamu ndiyo kitu cha kwanza mtu hukitaja akiulizwa jadi ya kisiwa hiki ni ipi. Mjukuu wa aliyepinga anapiga tari.

Simaanishi kwamba dhikri ni jazi, Mungu aniepushe. Ninachokitazama ni namna ilivyoingia. Habib Swaleh hakuleta kitu kwa watu wasio na kitu. Mji uliyajua Maulidi kwa moyo; kisa cha kuzaliwa kwa Mtume walikijua, mahali pa kusimama walipajua, sala za kuitikia walizijua. Kilichobadilika ni pumzi na mapigo. Kila aliyeketi pale, awe amekasirika au amefurahi, alijua vizuri sana ni nini kimebadilishwa. Hata hasira ni dalili ya sikio lililosoma.

Kuna na lingine la karibu na jazi zaidi. Mwishoni mwa karne ya 19, katika miaka ileile ambayo New Orleans ilikuwa ikizipeleka bendi zake za shaba mazishini na kuzirudisha zikicheza, miji ya pwani yetu, Mombasa na Lamu miongoni mwao, iliokota tarumbeta na ngoma za majeshi ya kikoloni ikatengeneza beni, ngoma ya kuiga gwaride la askari. Bandari mbili, shaba ya askari, vijana wenye muda na mtaa wa jirani wa kushindana nao. Kule shaba ile ikawa jazi. Hapa ikatuachia vipande tu. Siwa yetu ya shaba, lile baragumu kubwa la sherehe, ambayo ni ya zamani zaidi ya vyote hivyo, inakaa ndani ya kioo kwenye jumba la makumbusho, imesuguliwa, ina lebo. Nimewahi kumsikia mtoto wa shule akimuuliza mwalimu wake inaliaje. Mwalimu akasema ni sauti nzito. Wakaenda kwenye milango.

Sina ugomvi na makumbusho. Mji Mkongwe umo kwenye orodha ya UNESCO tangu 2001 na bila hivyo nusu ya kuta za matumbawe zingekuwa tofali za saruji. Lakini ukuta hauhitaji kusikilizwa ili uwe ukuta. Wimbo ukikosa wanaoujua haubaki kuwa wimbo uliohifadhiwa.

Hali ilivyo kwa vijana wetu wa udi ni hii. Usiku mmoja Shela huwalipa zaidi ya arusi. Arusini siku hizi panatakiwa kinanda chenye ngoma zake tayari ndani ya mashine, mwimbaji mmoja, spika kubwa, na nyimbo za Dar es Salaam ambazo mabibi harusi wamezisikia kwenye simu. Siwalaumu mabibi harusi, siku ni yao. Matokeo yake ni kwamba mpigaji mwenye uwezo wa kuuacha wimbo kwa ufundi anafanya hivyo mbele ya watu wasiojua ameacha nini, na mbele ya watu ambao wangejua haitwi. Kanda za wazee zinaliwa na unyevu ndani ya masanduku. Na kila mradi wa wafadhili unaokuja unataka "mchanganyiko": udi na saksafoni, udi na gitaa, udi na mashine. Hakuna hata mmoja niliowahi kuuona uliotaka udi na watu wa Langoni.

Yule kijana nilikutana naye wiki iliyofuata kwenye ukuta wa pwani, karibu na jeti. Nikamwambia anachokijua tayari. Nikamwambia pia, kwa ujasiri wa mtu asiyepiga chochote, kwamba Coltrane aliupiga wimbo wote kwanza kabla hajautoka.

"Kaka, wale hawana subira," akasema. "Nikiupiga wote wanashika simu. Nikianza kuzunguka wanainua simu wanirekodi."

"Na wewe wataka nini?"

"Nataka mtu anambie nimekosea."

Mwezi wa pili kulikuwa na arusi Langoni. Usiku wa wanaume, kwenye baraza, mikeka imetandikwa mpaka katikati ya kipito, kahawa na halua zikipita. Bwana harusi ni binamu yake, kwa hivyo hakuna aliyeuliza kuhusu kinanda. Akaupiga wimbo uleule wa Shela. Aliupiga wote, beti zote, polepole, na wazee wakaitikia bila kuombwa. Halafu akatoka. Nilimwona nahodha mmoja mstaafu, mzee wa mtaa, akisimamisha kikombe cha kahawa katikati ya mkono na mdomo. Kijana akaingia kwenye ile makamu nyingine. Mzee akaweka kikombe chini.

"Rudi, mwanangu! Wenda wapi?"

Watu wakacheka. Kijana akacheka pia, ila hakurudi. Akaenda mbali zaidi ya alivyokwenda Shela, mpaka na mimi nikaanza kuona wasiwasi. Mtu mmoja nyuma akasema mwacheni. Mwingine akasema huyu ameshapotea huyu. Mzee hakungoja. Akakianza kitikio mwenyewe, kwa sauti yake iliyokwaruza, mapema kuliko inavyotakiwa, baraza zima likaingia nyuma yake, na kijana ikambidi aruke kutoka alikokuwa na kuwakuta njiani, na alipowakuta hakuwa kwenye nota waliyoitarajia, alikuwa juu yake kidogo, akiiteremkia. Mzee akapiga paja lake. Akainuka kwa taabu, akatoa noti ya shilingi mia mbili, akaichomeka chini ya nyuzi. Kijana akaisogeza pembeni kwa kidole kidogo, huku anapiga.